Usonji Si Laana: Njia ya Kupata Huduma Bila Familia Kufilisika

Mtoto wa miaka mitatu asiyeitika anapoitwa, anayeziba masikio mashine ya posho inapoanza kunguruma na anayepanga vizibo vya soda kwa mstari kutwa nzima, mara nyingi huitwa mtukutu, bubu au aliyerogwa. Familia nyingi huanzia kwa mganga, zikaenda kwa maombi, kisha kliniki ya kibinafsi. Kufikia siku mtoto anapotathminiwa hospitalini, mbuzi wameshauzwa na mama amechoka mwili na roho.

Usonji ni nini?

Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi tofauti na ilivyo kwa wengi. Huathiri jinsi mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyohisi sauti, mwanga au mguso. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Usonji hausababishwi na laana, chanjo wala malezi mabaya. Katikati ya karne iliyopita, baadhi ya wataalamu wa Marekani na Ulaya walidai kuwa huletwa na mama asiye na upendo. Utafiti ulipinga dai hilo, lakini mama bado hubebeshwa lawama katika boma nyingi, safari hii kwa jina la uchawi au mkosi wa ukoo.

Usonji wenyewe si ugonjwa wa akili na hauna dawa ya kuuondoa. Anayeuza dawa ya kuuponya, iwe ya kunywa au ya kupaka, anauza uongo, na nyingine zinaweza kudhuru. Hata hivyo, watu wenye usonji hupatwa na wasiwasi mwingi na sonona kuliko watu wengine. Kudhihakiwa, kuchapwa, kufungiwa ndani na kulazimika kujificha kila siku huongeza mzigo huo. Matibabu ya afya ya akili hulenga kutuliza wasiwasi na sonona, si kumgeuza mtu awe mwingine.

Huduma inayomheshimu mtu

Huduma nzuri huanza na swali moja: nini kitamrahisishia huyu maisha? Kumlazimisha mtoto akutazame machoni humfurahisha mgeni tu. Kumfundisha kuonyesha picha ya kikombe anapotaka maji humwondolea kiu, na hupunguza vilio ambavyo watu huviita utundu. Anayeumizwa na kelele za mashine ya posho haponywi kwa kiboko. Apelekwe wakati ambapo hakuna foleni, au abaki nyumbani na mtu anayemwamini.

Mzazi ana haki ya kumuuliza mhudumu: Lengo la mazoezi haya ni lipi? Mtoto akikataa, mtafanya nini? Naweza kuketi hapa nikitazama? Nitaendelezaje nyumbani? Mhudumu anayemchapa mtoto, kumfunga au kumfukuza mzazi chumbani bila maelezo hafai.

Pa kuanzia, na gharama

Kwanza, familia nzima ijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# au kupitia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Huduma za hospitali kubwa huhitaji michango iwe imelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya.

Pili, omba barua ya rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti. Masikio yapimwe pia, kwa maana mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki anapoitwa.

Tatu, mtoto anayekaribia umri wa shule apelekwe katika kituo cha tathmini ya elimu, EARC, kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Huko huelekezwa kama atasoma darasa la kawaida kwa usaidizi, kitengo maalum au shule maalum.

Nne, ukishapata ripoti ya tathmini ya hospitali ya serikali, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huu ndio msingi wa kuomba misaada ya Baraza na, kwa mtu mzima aliyeajiriwa, msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Kaya maskini inayomlea mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kutafuta huduma hizi si kuomba hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kifungu cha 54 kinataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka wa 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili.

Mlezi naye ni mtu

Mama asiyelala usiku, baba anayekwepa kurudi nyumbani na dada mkubwa anayekosa shule ili amlinde nduguye, wote wanahitaji kusikilizwa. Wakienda kliniki, waeleze pia hali zao. Wazazi watatu au wanne wa kijiji kimoja wanaweza kupokezana kulea siku moja kwa wiki, kila mmoja apate nafasi ya kwenda sokoni au kupumzika. Mpango huo hauhitaji pesa, ila kuaminiana.

Jirani anayejua mtoto amefungiwa ndani au anapigwa apige simu ya bure 116. Na familia ambayo bado haijaanza inaweza kuanza wiki hii: iandike kwenye daftari yale mtoto anayoyaweza, yanayomtuliza na yanayomuumiza, kisha ilibebe daftari hilo hadi zahanati iliyo karibu.