Somo la Afya: Kwa Nini Kinga ya Mwili Huigeukia Tezi ya Koo?

Ukimwona mtu wa Miasenyi amejifunika leso saa saba mchana na bado analalamika kwamba anasikia baridi, usikimbilie kumwita mvivu au kusema amerogwa. Huenda tezi yake ya koo haifanyi kazi. Wagonjwa wengi wa aina hii ni wanawake, na wengi hukaa miaka bila kupimwa kwa sababu uchovu wao huonekana kuwa tabia, si ugonjwa.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Ina umbo la kipepeo na uzito wa takriban gramu 20. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, usagaji wa chakula, hedhi na hata mawazo. Homoni zikipungua, mtu huchoka, hunenepa, hufunga choo, ngozi hukauka na hedhi huwa nzito. Zikizidi, moyo hudunda mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka na uzito hupungua ingawa anakula vizuri. Wengine hutokwa na macho.

Rovu na chumvi

Wazee wetu walijua ugonjwa mmoja wa tezi hii: rovu, yaani uvimbe wa shingo. Chanzo chake kikubwa kilikuwa ukosefu wa iodini, hasa katika sehemu za milimani ambako mvua huiosha iodini kutoka kwenye udongo. Ndiyo sababu mwaka wa 1978 sheria ya Kenya ililazimisha chumvi ya kupikia itiwe iodini. Chumvi inayovunwa Gongoni na Marereni, katika Kaunti jirani ya Kilifi, haitoshi yenyewe hata kama imetoka baharini. Iodini huongezwa kiwandani. Chumvi ya mifugo inayouzwa kwa wafugaji si ya jikoni.

Lakini si kila uvimbe wa shingo unatokana na chumvi. Mtu anaweza kula chumvi yenye iodini kila siku na bado akaugua, kwa sababu kinga ya mwili wake imeigeukia tezi.

Askari anayemshambulia mwenye nyumba

Mwaka wa 1912 daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, alieleza habari za wanawake wanne ambao tezi zao zilikuwa zimejaa chembe za kinga. Hakukuwa na jibu la kwa nini. Mwaka wa 1956 watafiti wa London waligundua kingamwili katika damu ya wagonjwa wa aina hiyo, zilizoelekezwa kwenye tezi yao wenyewe. Askari alikuwa akimpiga mwenye nyumba. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, na huidhoofisha tezi polepole. Ugonjwa wa pili, Graves, hufanya kinyume: kingamwili huichochea tezi itoe homoni kupita kiasi.

Je, chanzo ni nini?

Hakuna chanzo kimoja. Kuna mambo yanayokutana.

Kwanza ni urithi. Ikiwa mama, shangazi au dada ana ugonjwa wa tezi, uwezekano wako ni mkubwa zaidi. Hata hivyo, pacha wa kufanana mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue. Urithi huandaa kuni. Lazima kitu kingine kiwashe moto.

Pili ni kuwa mwanamke. Wanawake huugua mara kadhaa zaidi ya wanaume. Kipindi cha hatari ni mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, kinga ya mwili inapojirekebisha. Mama anayelia ovyo, anayechoka kupita kiasi au ambaye moyo wake unamwenda mbio wakati huo anastahili kupimwa, si kukemewa.

Tatu ni iodini kupita kiasi. Denmark ilipolazimisha chumvi itiwe iodini mwaka wa 2000, rovu ilipungua, lakini wagonjwa wenye homoni pungufu waliongezeka kidogo. Hili halimaanishi tuache chumvi yetu, kwani madhara ya kukosa iodini ni makubwa zaidi, hasa kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Linamaanisha usinunue matone ya iodini au unga wa mwani unaouzwa kama dawa ya tezi. Kwa mwenye Hashimoto, dawa hiyo yaweza kuongeza ugonjwa.

Nne ni sigara, ambayo huongeza hatari ya Graves na kuharibu macho ya mgonjwa, pamoja na baadhi ya dawa. Amiodaroni, dawa ya moyo, ina iodini nyingi. Usiiache mwenyewe, mwombe daktari akupime tezi.

Ufanye nini?

Ukiona dalili hizi, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako au nenda kwenye kituo cha afya, nao watakuelekeza mahali pa kupimwa. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachoitwa TSH. Mjamzito mwenye historia ya tezi katika familia aseme mapema kliniki: homoni pungufu zisipotibiwa zinaweza kuharibu mimba au kudumaza ubongo wa mtoto.

Mwenye homoni pungufu hupewa vidonge vya levothairoksini. Vimeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vitenge na vidonge vya kuongeza damu kwa saa nne. Ukipata nafuu, usiviache. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa. Anayetumia kabimazoli kwa ajili ya Graves akipata homa na koo kuuma, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa haiondoi chanzo, lakini hurudisha nguvu za mtu shambani, sokoni na nyumbani. Kinachochelewesha nafuu hiyo mara nyingi ni lawama. Kabla ya kumlaumu mtu, mpeleke akapimwe.