Kubeba Kisa cha Mgonjwa: Somo kwa Wanaojitolea Kuigiza mbele ya Wanafunzi wa Udaktari

Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Southern California jijini Los Angeles, daktari wa neva Howard Barrows alimfundisha mtu mwenye afya njema kuigiza dalili za mgonjwa, ili wanafunzi wahojiane naye na kumpima. Mwaka uliofuata, yeye na Stephen Abrahamson walichapisha maelezo ya njia hiyo. Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mwaka 1975 mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi huhama kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa muda uliopangwa, na katika vituo vingi vya mtihani wa namna hiyo hukaa mgonjwa wa kuigiza. Somo hili linamhusu mtu huyo anayekaa kitini.

Anayejitolea hapewi maneno ya kukariri kama mwigizaji wa jukwaani. Hupewa kisa, naye huwa msimulizi wake. Tuchukue mfano wa Bi. Zuhura, mwenye umri wa miaka 54, mgonjwa wa kisukari aliyefika kliniki kwa sababu ya kidonda cha unyayo. Sentensi yake ya kufungulia ni moja kwa kila mwanafunzi: “Nina kidonda, hakitaki kupona.” Mengine yote hukaa moyoni mpaka yaulizwe.

Mwanafunzi huuliza, “Mama, unatumia dawa?” Naye hujibu, “Natumia, mwanangu.” Hajasema uongo. Katika Kiswahili chetu neno dawa hubeba kidonge cha hospitali, na hubeba vilevile majani yaliyochemshwa nyumbani. Anayeridhika hapo huandika kwamba mgonjwa anatumia dawa, kisha husonga mbele. Anayeongeza, “Dawa zipi, na vidonge ulivimeza lini mara ya mwisho?” huambiwa kwamba vidonge vilikoma miezi mitatu iliyopita, na sasa anakunywa mwarobaini. Na kwa yule anayeweka kalamu chini na kumwuliza ni jambo gani linalomtia hofu, Bi. Zuhura hufunua la mwisho: dada yake alikwenda hospitali na kidonda kama hiki, akarudi nyumbani bila mguu.

Ugumu wa kazi hii uko katika kunyamaza. Kufikia mwanafunzi wa saba, kijana anatetemeka, jasho linamtoka, na huruma ya mzazi inakushawishi umdokezee habari ya vidonge. Usimdokezee. Utakuwa umewadhulumu sita waliotangulia, na huyo mwenyewe atakwenda wodini bila kujifunza kuuliza. Mwili nao una usaliti wake. Kisukari cha muda mrefu huweza kuharibu neva za miguu hata mgonjwa asihisi maumivu; basi mwanafunzi akigusa kidonda hicho cha rangi nawe ukashtuka kwa uchungu, umempa ugonjwa mwingine.

Baada ya mahojiano, msimulizi hutoa maoni yake, nayo yana adabu yake. Kumwambia mwanafunzi kwamba ana kiburi hakumsaidii. Kumwambia, “Uliponiuliza habari za dada yangu huku unaandika, nilihisi nifupishe jibu,” kunampa kitu cha kurekebisha.

Kuna visa ambavyo mtu anapaswa kuvikataa, na mratibu anapaswa kuuliza kabla ya kugawa. Aliyefiwa na mtoto hivi karibuni asipewe nafasi ya mama anayepewa habari za msiba. Machozi yake yangekuwa ya kweli, na ndiyo maana hayafai kutumiwa. Hapa walimu wa tiba wanaweza kujifunza kwa waandaaji wa michezo ya uhusika ya nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako watu huishi ndani ya hadithi kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Baadhi yao huwapa wachezaji maneno mawili: “kata”, linalosimamisha mchezo wote papo hapo, na “breki”, linaloomba jambo lipunguzwe makali. Chumba cha mafunzo nacho kiwe na neno lake, nalo lijulikane kabla ya kengele ya kwanza. Vipimo vya sehemu za siri au vinavyoumiza visifanywe kwa kushtukiza. Ridhaa hutolewa mapema, na huweza kuondolewa wakati wowote.

Hutokea pia mwanafunzi akapima shinikizo la damu la Bi. Zuhura na kukuta la mwigizaji mwenyewe liko juu. Mratibu amwambie faraghani siku hiyohiyo na kumwelekeza kwa daktari; mwanafunzi asimtangazie mbele za watu.

Mwishoni kisa huvuliwa kama nguo. Rangi ya kidonda huoshwa, khanga ya Bi. Zuhura hukunjwa, na mratibu humwuliza msimulizi jina lake halisi, anakoishi, na atapika nini jioni ile. Maswali hayo huonekana ya mzaha kwa asiyewahi kukatwa mguu mara kumi kwa siku moja. Yaulizwe, na majibu yasikilizwe hadi mwisho, ndipo mlango ufunguliwe.