Hodi na Karibu: Istilahi za Ganda la Kompyuta katika Uhariri wa Mafaili ya Mbali

Ikisiri

Makala hii inajadili namna istilahi inavyoweza kumsaidia au kumpotosha mtafiti wa isimu anayehariri mafaili yaliyoko kwenye kompyuta ya mbali. Tunadai kwamba alama inayotolewa na ganda la kompyuta likiwa tayari kupokea amri si pambo, bali ni jibu linalosubiriwa na programu nyingine. Istilahi yake haina budi kulidhihirisha jambo hilo.

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa mtafiti aliyeko Tabora anayeshughulikia kamusi ya Kinyamwezi, ilhali faili la kamusi limo katika seva iliyoko Dar es Salaam. Iwapo atalinakili na kulihariri kwake, huku mwenzake akihariri lile la Dar es Salaam, baada ya muda mfupi kutakuwa na kamusi mbili zisizopatana. Njia iliyo salama zaidi ni kulihariri faili hilo moja pale pale lilipo. Kihariri cha Emacs huwezesha kazi hiyo kwa sehemu yake iitwayo TRAMP, iliyojumuishwa ndani yake tangu toleo la 22.1 la mwaka 2007. TRAMP aghalabu hupitia SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995. Mtafiti huandika anwani ya namna hii:

/ssh:mtafiti@seva:/data/kamusi.txt

2.0 Uteuzi wa Istilahi

Programu ipokeayo amri za mtumiaji na kuzifikisha kwenye mfumo wa kompyuta tunaiita ganda. Kulitohoa jina lake la Kiingereza kungetupatia sheli, neno ambalo nchini Tanzania limekwisha kushika maana ya kituo cha mafuta.

Msamiati wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni hazina nyingine, ingawa si kila neno lake lafaa. Hongo ilikuwa ada aliyotoa mwenye msafara ili aruhusiwe kupita katika nchi ya mtawala fulani. Leo neno hilo lamaanisha rushwa, hivyo haliwezi kutumika kwa ufunguo unaomthibitisha mtumiaji langoni mwa seva.

Neno kituo, kwa upande mwingine, lafaa. Seva isipofikika moja kwa moja, SSH huweza kupitia mashine ya kati kwa chaguo la ProxyJump, lililoanza na OpenSSH 7.3 mwaka 2016. Mashine hiyo ni kituo, kama Tabora ilivyokuwa kwa mizigo ya Ujiji. Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka. Tabora mizigo iliweza kufunguliwa na wapagazi wakabadilishwa. Kituo cha SSH hupitisha mzigo uliofungwa kwa usimbaji fiche, bila kuweza kuusoma.

3.0 Kikaribisho

Ile alama ya utayari huweza kuitwa kidokezo. Udhaifu wa neno hilo ni kwamba kidokezo hulengwa kwa binadamu, naye binadamu hupenda kukipamba kwa rangi, saa na jina la saraka. Katika uhariri wa mbali msomaji wa kwanza wa alama hiyo ni TRAMP. Hiyo hubisha hodi, kisha husubiri mstari unaoishia kwa alama kama #, $, % au >. Isipoutambua, haitumi amri yoyote, na kihariri huonekana kimeganda.

Kipragmatiki, huu ni utaratibu wa kupokezana zamu katika mazungumzo. Mgeni aliyebisha hodi haingii mpaka asikie “karibu”. Akijibiwa kwa utenzi mrefu, atabaki mlangoni. Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi kikaribisho.

Pendekezo hili lina matokeo ya kiutendaji. TRAMP hujitambulisha kwa kukipa kigeu TERM thamani ya dumb, na kigeu PS1 ndicho kibebacho kikaribisho. Mwishoni mwa faili la kuanzishia ganda la Bash kwenye seva, kwa kawaida ~/.bashrc, huongezwa mistari ifuatayo:

case "$TERM" in
  dumb) PS1='$ ' ;;
esac

Kwa hiyo binadamu hubaki na mapambo yake, na programu hupata jibu fupi inalolielewa.

4.0 Usimbaji wa Herufi

Kinyamwezi kina irabu saba, na ni lugha ya toni, kama wanavyoeleza Maganga na Schadeberg (1992). Maandishi yanayotofautisha irabu zote na kuonesha toni huhitaji herufi zisizomo katika seti ya zamani ya ASCII. Ni muhimu kihariri kihifadhi matini kwa UTF-8, na mazingira ya ganda yawekwe katika usimbaji huohuo ili majina ya mafaili nayo yasomeke sawasawa.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba sheli na hongo hushindwa kwa sababu ya maana zilizokwisha kuzishika, na kidokezo hushindwa kwa sababu humficha msomaji halisi wa alama. Mwanafunzi aliyefundishwa kikaribisho atajiuliza ni nani anayekaribishwa, na swali hilo litamfikisha kwenye PS1 kabla kazi yake haijakwama. Yafaa waundaji wa istilahi za kompyuta wachunguze kwanza kazi ya kitu, na nani anayekitumia, ndipo wakipe jina.