Maradhi ya Akili: Lini Tumwendee Daktari?

Ndugu walioingia Uislamu karibuni hutuuliza mara nyingi: Je, mtu anayesali na kufunga aweza kupatwa na maradhi ya akili? Na akipatwa, kumwendea daktari si upungufu wa imani?

Kwanza yatupasa kufahamu ya kwamba huzuni si dhambi. Nabii Yakubu a.s. alimlilia mwanawe Yusufu hata macho yake yakaingia weupe, na Mtume Muhammad s.a.w. alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Pili, Mtume s.a.w. alipoulizwa na mabedui kama watumie dawa, aliwaamuru wajitibu, akieleza ya kwamba kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Maradhi ya akili hakuyatoa katika amri hiyo. Naye mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja.

Basi twatambuaje maradhi? Huzuni ya kawaida huja na kupungua. Mfiwa hulia, kisha hurudia shughuli zake kidogo kidogo. Lakini zitazameni alama tatu:

1. Muda. Mtu amekosa raha karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hata kwa mambo aliyoyapenda.

2. Kushindwa. Hawezi kulala, kula, kufanya kazi, kulea watoto, wala kusimama katika sala.

3. Hatari. Asikia sauti wasizozisikia wengine, au asema ni afadhali afe.

Zikionekana mbili za kwanza, aende upesi hospitali iliyo karibu. Si lazima aanzie Mirembe, Dodoma. Ikionekana ya tatu, msingoje kesho. Asiachwe peke yake, ziondolewe kamba, visu na dawa za wadudu, naye apelekwe siku hiyo hiyo. Kumfunga kamba au kumzungusha kwa wapunga pepo ni kuyapa maradhi nafasi ya kukomaa. Tena asiache dawa baada ya siku chache, kwani dawa nyingi za maradhi ya huzuni huchukua wiki kadhaa ndipo nafuu ionekane.

Ndugu msomaji, dua na dawa hazigombani. Mwombee nduguyo, kisha mshike mkono umfikishe kwa daktari. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.