UCAT: Mtihani Unaotaka Ujue Kuacha Swali

Anayeomba kusoma udaktari Uingereza hukutana na kizingiti ambacho huku kwetu hakipo. Dar es Salaam au Nairobi, matokeo mazuri ya sayansi ndiyo yanayofungua mlango. Kule, vyuo vingi vinataka pia alama za UCAT, mtihani wa uwezo wa kufikiri unaofanywa kwenye kompyuta, katika vituo vya Pearson VUE, kati ya Julai na mwisho wa Septemba. Haya ni maswali ambayo wanafunzi na wazazi wao huuliza zaidi.

Nimepata A zote za PCB (fizikia, kemia na biolojia). Bado nahitaji kujiandaa?

Unahitaji, pengine kuliko mwenzako wa B. UCAT haiulizi mzunguko wa damu wala jedwali la elementi. Ina sehemu nne: ufahamu wa maandishi, kufanya maamuzi, hesabu, na busara ya kazini. Hesabu zenyewe ni za asilimia, uwiano na mwendokasi, mambo uliyoyamaliza kabla ya kidato cha tano. Ugumu uko kwenye saa. Sehemu ya ufahamu ina maswali 44 kwa dakika 22, yaani nusu dakika kwa swali, na humo umo muda wa kusoma habari yenyewe.

Tumelelewa kukomaa na swali mpaka litoke jasho, na mwalimu akatusifu. Hapa tabia hiyo ndiyo inayowaangusha wenye akili. Dakika tatu ulizotumia kwenye swali moja la ufahamu zimekula muda wa maswali sita, na yote yana alama. Jibu la kosa halikatwi alama. Kwa hiyo swali likigoma, chagua jibu lolote, liwekee alama ya kulirudia, songa mbele. Wanafunzi ninaowaandaa hulielewa hili siku ya kwanza, lakini kulitenda huwachukua wiki kadhaa.

Kwa nini nakosa maswali ya ufahamu wakati Kiingereza changu ni kizuri?

Mara nyingi ni kwa sababu unajua mengi. Tuseme habari inaeleza kwamba mji fulani ulifukia madimbwi na mbu wakapungua. Kisha unapewa sentensi: "Wagonjwa wa malaria walipungua mjini humo." Mwanafunzi wa biolojia anajibu "kweli" bila kupepesa. Habari, hata hivyo, haikusema lolote kuhusu wagonjwa. Jibu ni "haiwezekani kujua". Unatakiwa uhukumu kwa kilichoandikwa pekee, na kuyaweka kando yale uliyotoka nayo darasani.

Busara ya kazini nayo mtu hujiandaa nayo vipi? Si mtu anayo au hana?

Inafundishika, na kwa mtoto aliyelelewa kwetu ndiyo sehemu ya kuikalia zaidi. Maswali ni 69 kwa dakika 26. Unapewa kisa, kisha unapima kama hatua fulani inafaa, inafaa kiasi, haifai, au haifai kabisa. Matokeo hutolewa kwa madaraja, la 1 likiwa la juu na la 4 la chini, na vipo vyuo visivyomtazama kabisa aliyepata la 4.

Chukua kisa hiki: uko wodini kama mwanafunzi, daktari bingwa anamwendea mgonjwa wa pili bila kunawa mikono. Wengi wa wanafunzi wetu huchagua kunyamaza, au kumnong'oneza mwenzao baadaye. Mkubwa hakosolewi na mdogo, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa mtihani huu kunyamaza ni kosa, kwa sababu usalama wa mgonjwa unatangulia cheo cha yeyote. Ila kumpayukia bingwa mbele ya wodi nzima nako si jibu zuri. Kinachotakiwa ni kumkumbusha kwa adabu, papo hapo, kabla hajamgusa mgonjwa. Mtoto wa Kiswahili anayejua kusema "samahani, mzee" tayari anayo nusu ya jibu.

Misingi ya sehemu hii imo kwenye mwongozo wa maadili wa baraza la madaktari la Uingereza, GMC, uitwao Good Medical Practice. Unasomwa bure. Usome kabla hujanunua kitabu chochote.

Kaka yangu ameniachia vitabu vyake vya UCAT. Vinatosha?

Tazama mwaka. Sehemu ya mafumbo ya maumbo iliondolewa mwaka 2025, na jumla ya juu ya alama ikashuka kutoka 3600 hadi 2700. Alama 2600 za enzi za kaka zilikuwa za kawaida tu. Leo ni za kutikisa. Na kitabu kikitaja BMAT kiweke kabatini: mtihani huo mwingine wa kuingia udaktari ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Tuisheni je?

Si lazima. Anza na majaribio ya bure ya UCAT wenyewe.

Naweza kufanyia mazoezi kwenye simu?

Kwa kuzoea maswali, sawa. Lakini siku yenyewe kuna kompyuta, kibodi na kikokotoo cha kwenye skrini ambacho ni kizito kukibofya kwa kipanya. Jifunze kuandika tarakimu kwa kibodi. Kama nyumbani hakuna kompyuta, omba ya shule au nenda kwenye intaneti kafe, ujipime kwa saa.

Nikifanya vibaya, narudia lini?

Mwaka unaofuata. Unafanya mara moja tu kwa msimu, na alama za msimu huu haziwezi kutumika mwakani. Ndiyo maana nakushauri usikimbilie vituo Julai ili kuumaliza tu. Ila usisubiri wiki ya mwisho, maana ukiumwa au safari ikiharibika hutapata tarehe nyingine. Agosti inafaa wengi. Mwisho wa kutuma maombi ya udaktari ni 15 Oktoba, na matokeo utakuwa umeshayapata zamani. Unaruhusiwa kuomba kozi ya udaktari katika vyuo vinne. Vichague ukiwa na alama mkononi: vingine hupanga waombaji kwa UCAT karibu peke yake, vingine huchanganya na matokeo ya shule. Mwenye A zote na UCAT ya wastani aende kwenye hivi vya pili.