Nusu Saa Kabla ya Kufungua Duka: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayejifunza Kutengeneza Programu za Simu

Haya ni kwa wewe unayeuza dukani Kariakoo, iwe mtaa wa Msimbazi, Aggrey au Kongo, na umejitangazia kwamba mwaka huu lazima ujue kutengeneza programu za simu. Nia yako sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na ratiba yako. Umepanga kusoma Jumapili, saa sita mfululizo. Jumapili ina harusi, ina msiba, ina Simba na Yanga. Hutasoma.

Soma kila siku, saa ile ile. Nusu saa inatosha. Ikae kabla duka halijafunguliwa, maana mteja wa kwanza akishaingia muda si wako tena. Umeme ukikatika, chukua kalamu uandike mistari ya jana kwa kichwa. Na asiye na kompyuta asijitetee: ukurasa wa Kotlin Playground, wa kuandikia programu kwa lugha ya Kotlin, unafunguka kwenye kivinjari cha simu, bure, na mistari kumi ya kujifunzia inapita humo bila shida.

Usilale na video ukasema umesoma. Ukitazama dakika tano, zima uandike mwenyewe ulichokiona. Kikikataa, hapo ndipo somo linaanza.

Kila siku simu ifanye kitu ambacho jana haikukifanya. Leo neno moja kwenye skrini. Kesho kitufe kinachoongeza hesabu kila kikibonyezwa. Keshokutwa bei mara idadi. Halafu igeuze simu ikae kwa upana, uone hesabu yako imerudi sifuri. Usishtuke wala usilaumu simu: simu ikigeuzwa, kwa kawaida Android huuvunja ukurasa na kuujenga upya, na ambacho hukukihifadhi kinakwenda nao. Kaa na tatizo hilo hata wiki nzima. Wengi hulikimbia kwa kuifunga skrini isigeuke, kisha wanashangaa mambo yaleyale yakiwapata mtumiaji anapobadilisha lugha ya simu.

Jaribu kwenye simu halisi. Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, inataka kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8, na ukitaka na simu ya kuigiza ndani yake, 16. Hizo 16 huna, na huna haja nazo. Ingia kwenye "Kuhusu simu", gonga "Build number" mara saba, kisha kwenye chaguo za wasanidi zitakazofunguka washa utatuzi wa USB, chomeka waya. Kompyuta isipoiona simu, kabla hujaanza kufuta na kusakinisha upya, badilisha waya. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazopangwa mezani pale nje hupitisha chaji tu, data hazipitishi. Nunua mmoja wa data, ufiche nyumbani wasiuazime.

Usihamehame lugha na zana. Wiki hii Kotlin, wiki ijayo Flutter, mwezi ujao JavaScript, na mwisho wa mwaka hujui kuhifadhi jina la mteja. Wateja wako wana simu janja za Tecno, Infinix na itel, zote Android, na Google tangu 2019 inaitanguliza Kotlin kwenye Android. Basi. Mjadala umefungwa mpaka umalize programu moja.

Tengeneza daftari la madeni. Usianze na "kitu kama M-Pesa". M-Pesa iliingia Tanzania 2008 ikiwa na Vodacom nyuma yake, mawakala na Benki Kuu juu yake. Wewe una nusu saa. Daftari la madeni lipo kila duka, limechanika jalada, na mwenye duka analijua kuliko mwalimu yeyote. Kaa naye ukilisoma. Utaona mteja halipi deni lote, analipa kidogo kidogo. Kwa hiyo usihifadhi salio peke yake. Ukifuta 80,000 ukaandika 50,000, siku mteja akisema "mimi nilishalipa 40", huna cha kumwonyesha. Kila malipo yawe na mstari wake, tarehe yake na saa yake, na salio programu ilikokotoe yenyewe. Mstari uliokosewa usifutwe. Uandikwe mwingine wa kuurekebisha. Wahasibu wamefanya hivyo miaka na miaka kabla ya simu.

Fedha usiziweke kwenye Int, ile aina ya kawaida ya namba nzima. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu kosa lake halipigi kelele. Int ya Kotlin inaishia 2,147,483,647. Muuza jumla aliyeuza simu 9,000 kwa mwaka, kila moja shilingi 250,000, ana mauzo ya 2,250,000,000. Programu yako haitaanguka wala haitaonyesha maandishi mekundu. Itamwandikia -2,044,967,296 kwa utulivu kabisa, na wewe utafukuzwa dukani ukistahili. Tumia Long. Usitumie Double pia. Hesabu zake za desimali hukadiria, na fedha ya mtu haikadiriwi.

Soma kosa kabla ya kuuliza. Katika yale maandishi mekundu tafuta mstari wenye jina la faili lako. Mbele yake pana namba. Nenda kwenye mstari huo. Kumuuliza ChatGPT si haramu, lakini usibandike hata mstari mmoja usioweza kumweleza mwenzako wa duka la pili.

Programu yako isiombe ruhusa ya kuona orodha ya majina ya simu ya mtu, wala ujumbe wake. Hakuna sababu. Programu za mikopo zimeshawatia watu aibu kwa kuwatumia ndugu na mabosi wao ujumbe wa deni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na daftari lako lina majina na madeni ya watu, kwa hiyo inakuhusu. Namba ya siri ya pesa za simu ndiyo usiiguse kabisa. Usiweke hata kisanduku cha kuiandika.

Risiti inayotoka kwenye programu yako si risiti ya EFD. Mwambie mwenye duka waziwazi, mapema, ili asije akakutaja mbele ya watu wa TRA.

Hifadhi kazi yako kwa Git, programu ya kutunza kila hatua ya kazi, kila unapomaliza nusu saa, na nakala iwe nje ya kompyuta. Kompyuta huibwa.

Usikimbilie dukani kwa Google, yaani Play Store. Kujiandikisha ni dola 25, mara moja tu, hizo utazipata. Lakini akaunti mpya ya mtu binafsi inadaiwa wajaribu 12 watakaokaa na programu siku 14 mfululizo. Wauza duka 12 unao mtaani kwako. Wape daftari, upite kila asubuhi uwaulize limewasumbua wapi, na usibishane nao. Mama anayebonyeza kitufe kisicho chake ameonyesha kwamba kitufe umekiweka pabaya.

Mwisho, usiuze programu kama unavyouza chaja, mtu akalipa mkaagana. Karibu kila mwaka, kwa kawaida mwisho wa Agosti, Google hupandisha toleo la Android linalotakiwa, na programu isiyotunzwa hatimaye haionekani kwa wateja wapya wenye simu mpya. Patana na mwenye duka malipo ya matunzo siku ileile mnapopatana bei, na muandikishane.