Viini Vinne vya 6305

MPWA: Mjomba, nimekuja na swali la kompyuta. Nataka mashine ya kuanzia duka la steshenari. Pale Kariakoo nimeoneshwa mbili za mtumba, zote HP Compaq. Moja ni Pro 6300, nyingine Pro 6305, na bei ni ileile. Muuzaji ananisukumia 6305. Anasema ina viini vinne, mwenzake ina viwili tu.

MJOMBA: Uliangalia majina ya prosesa?

MPWA: Nilipiga picha. Ya 6300 ni Core i3-3220. Ya 6305 ni A8-5500B.

MJOMBA: Afadhali ulipiga picha, maana wengi huja na rangi ya kasha. Zote ni za kizazi kimoja, cha 2012. HP walitengeneza mashine karibu sawasawa, moja wakaipa prosesa ya Intel, nyingine ya AMD, wakaziuza kwa maofisi. Ofisi zikibadilisha vifaa, hizo ndizo zinazotufikia sisi. Wala hazikuwa za kifahari. Hiyo i3, Intel waliitoa kwa bei ya dola 117.

MPWA: Sasa mjomba, nne si zaidi ya mbili?

MJOMBA: Ingekuwa hivyo kama viini vyote vingekuwa vya namna moja. AMD wa wakati ule walikuja na mpango wa kuunganisha viini viwiliviwili katika kitu walichokiita moduli. Hiyo A8 ina moduli mbili. Ndani ya kila moduli, vile viini viwili vinachangia sehemu inayosoma na kufasiri maagizo, vinachangia kikokotoo cha namba zenye desimali, na vinachangia kashe ya MB 2. Ni wapishi wawili waliopewa jiko moja: kumenya na kukatakata watafanya pamoja, lakini sufuria zikitakiwa motoni kwa wakati mmoja, mmoja atasubiri.

MPWA: Na Intel?

MJOMBA: Intel walikwenda njia nyingine. i3 ina viini viwili kamili, kila kimoja na vyombo vyake, halafu kila kiini kikafundishwa kushika nyuzi mbili za kazi kwa pamoja ili kisikae bure. Wanaiita Hyper-Threading. Ukienda dukani kesho, washa mashine zote mbili, fungua Task Manager ya Windows 10, uende kwenye ukurasa wa CPU. Zote zitakuandikia viini 2, nyuzi 4.

MPWA: Hata hiyo A8? Basi yule bwana kanidanganya!

MJOMBA: Usimwonee. Anasema kilichoandikwa na kiwanda. Ubishi huo ulifika hadi mahakamani Marekani. Mwaka 2015 AMD walishtakiwa huko California kuhusu prosesa zao za FX zilizouzwa kama za viini vinane, na mwaka 2019 wakakubali kulipa dola milioni 12.1 kuimaliza kesi. A8 haikuwemo katika shauri lile, lakini moduli zake ni za ukoo uleule.

MPWA: Haya, tuache viini. A8 ina 3.2 GHz na inapanda mpaka 3.7. i3 ina 3.3 na haipandi. Hapo je?

MJOMBA: GHz ni idadi ya mapigo kwa sekunde. Haikuambii kila pigo linatoa kazi kiasi gani. Ukilinganisha i3 na i3 ya toleo lilelile, GHz inakufaa. Ukilinganisha i3 na A8, inakupoteza. Kiini kimoja cha i3 kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo, kiasi kwamba hata A8 ikipanda hadi 3.7, kwenye kazi ya uzi mmoja inaachwa, na inaachwa kwa umbali unaouona kwa macho. Sasa niambie, dukani utafanya nini?

MPWA: Kuchapa barua na wasifu, kujaza fomu za Ajira Portal na za mikopo ya wanafunzi, fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi.

MJOMBA: Nyingi ya hizo hutegemea uzi mmoja. Ukibofya kitu kwenye kivinjari, ukifungua faili la PDF, ukipaka rangi picha, mteja anasubiri kiini kimoja kimalize. Hapo i3 inashinda. Kugeuza video kutoka muundo mmoja hadi mwingine ndiko kunakotumia nyuzi zote nne, na huko A8 inajitutumua, inaikaribia.

MPWA: Kwa hiyo A8 haina lake?

MJOMBA: Linalo, tena kubwa. Grafiki. Ndani ya A8 kuna Radeon HD 7560D, na ndani ya i3 kuna Intel HD 2500, ambayo ilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Ungeniambia unafungua kibanda cha gemu na huna hela ya kadi ya grafiki, ningekwambia beba A8 na usigeuke nyuma. Ila uiwekee RAM vipande viwili vinavyolingana, kwa sababu grafiki yake inaazima RAM ya mashine. Ukiipa kipande kimoja, umeikata nguvu.

MPWA: Na YouTube? Wateja wakiwa wachache nitaangalia.

MJOMBA: Ndiyo biashara hiyo? Haya. YouTube siku hizi hutuma video kwa miundo ambayo grafiki za 2012 haziifahamu, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa na feni inaanza kulia. Weka kiongezi cha kivinjari kinacholazimisha muundo wa H.264. Huo zote mbili zinaufungua bila jasho.

MPWA: Umeme, mjomba. LUKU inakula.

MJOMBA: i3 imeandikwa wati 55, A8 wati 65. Hizo ni hesabu za joto la kupozwa, si bili. Hata tukizichukua kama zilivyo, tofauti ya wati 10 kwa saa 10 kwa siku ni uniti moja kila siku 10. Printa yako ya leza itakula zaidi ya hapo. Usinunue prosesa kwa hoja hiyo.

MPWA: Intel nayo haina kasoro?

MJOMBA: Inayo. Mwanzoni mwa 2018 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama ulioitwa Meltdown. Ulizigusa prosesa za Intel, za AMD ukaziacha. Viraka vyake viliipunguzia Intel kasi kidogo, hasa hizi za zamani. Pamoja na hayo bado naichagua i3, na sababu kubwa hata sijaitaja. Ni soketi, yaani mahali prosesa inapochomekwa.

MPWA: Soketi ina nini?

MJOMBA: HP waliuza 6300 hiyohiyo ikiwa na i5-3470 na i7-3770. Maana yake duka likichangamka, utaitoa i3 uweke i5 yenye viini vinne kamili, na madabodi ni ileile. Kwenye 6305 utapanda hadi A10-5800B, ambayo nayo ni moduli mbili. Prosesa za AMD za kizazi cha Kaveri, cha 2014, zilitaka soketi ya FM2+, haziingii kwenye soketi ya FM2 ya mashine hiyo. Njia imeishia hapo.

MPWA: Na Windows 11?

MJOMBA: Rasmi hazikubaliwi, yoyote kati ya hizo mbili. Windows 10 nayo, Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi ningeweka Linux Mint pamoja na LibreOffice, lakini hakikisha kwanza kwamba printa yako inaelewana nayo.

MPWA: Basi nikachukue 6300?

MJOMBA: Chukua 6300. Hela itakayobaki usiimalizie kwenye RAM. GB 8 zinakutosha. Nunua SSD, hata ya GB 240, maana hiyo utaihisi kila asubuhi kuliko tofauti yote tuliyoijadili hapa. Mwambie fundi akubadilishie na dawa ya kupozea prosesa, ya miaka kumi na zaidi itakuwa imekauka. Na kabla hujalipa, ingia BIOS. Mashine za ofisi hufika na nywila ya mwenye nazo wa zamani. Ikikuuliza nywila, irudishe mezani uombe nyingine.